Shamba la Udongo la Sijaona

Baada ya sala ya alasiri Sijaona alichambua makumbi ya nazi, akayachovya kwenye maji ya kisamvu kilichotwangwa, akayapandikiza mezani yawe mpunga. Reli ilikwisha tandikwa. Marehemu mumewe, Tamimu, mstaafu wa reli, alimwachia kitreni cha betri kinachozunguka meza, na shamba la mezani ambalo hakulimaliza.

Ng'ombe aliwafinyanga kwa udongo wa mtoni, kumi na mmoja, mbavu zikihesabika, bila vichwa. Chuo cha Kurani walimfundisha kwamba kisicho na kichwa si sanamu. Mtu alimfinyanga mmoja tu, Tamimu, naye bila kichwa, kasimama mpakani mwa shamba, pale pale alipofia.

Kijiji kizima cha Chumbi kilisema Tamimu alikanyagwa na ng'ombe. Sijaona ndiye aliyemwosha. Alihesabu majeraha saba ya panga.

Treni ilipopita mara ya tatu, ng'ombe wa udongo waliingia mpungani, wakala, vivyo hivyo bila vichwa. Tamimu akatanua mikono kuwazuia. Nyuma ya kituo kidogo cha treni akatokea mtu ambaye Sijaona hakumfinyanga, naye hana kichwa, akamkata Tamimu mara saba. Mkono wa kuume uliangukia relini, treni ikaupitia. Damu ilijaa kizibo cha soda. Sijaona akapangusa, akamfinyanga mumewe upya.

Ikawa hivyo kila alasiri. Siku ya nne muuaji akaota kichwa.

"Shoga, huyo si Mwenyekiti Ukasha?" jirani yake Habiba aliuliza, huku akimenya muhogo. "Hata kale kakovu ka shavuni!"

"Ndiye."

"Si ndiye aliyewapa wafugaji njia ya kupitisha ng'ombe mashambani, marehemu akamkatalia?"

"Ndiye. Sasa kila mtu ataona."

Kila mtu akaona. Askari alikuja na daftari, akatazama mapigo yote saba, akasema udongo hauapishwi. Mwenyekiti naye akaja, akaketi mbele.

"Bi Sijaona, pua umeninenepeshea."

"Sikuifinyanga mimi."

"Basi Mungu kanizidishia."

Watu wakacheka. Habiba akamletea Mwenyekiti chai.

Jumatatu ng'ombe wa kweli waliingia shambani kwa Sijaona, wakala mpunga mpaka mizizi. Hakuna aliyesimama mpakani.

Alasiri ile alitawadha, akaswali, akapandikiza makumbi, akatandika kitambaa relini, pale mkono unapoangukia. Mwenyekiti alikwisha keti. Sijaona aliinama, akaichungulia shingo ya mumewe kama imechipua chochote.

Bado. Akawasha treni.