Mlinzi wa Mota ya Shemeji

"Haki ya Mungu, ni kweli tupu! Niliingia ndani ya mota, mimi na viatu vyangu."

Aliyeapa ni Babu Chumvi, fundi umeme mstaafu aliyejifunza kazi kwa kubomoa redio za watu. Aliyeapiwa ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye mashine ya kusaga. Mota yake ya fezi tatu, yaani ya nyaya tatu za umeme, iliwahi kuungua, ikasukwa upya waya wa ndani. Ikiungua tena, mlango wa biashara unafungwa, basi.

Asubuhi hiyo, kila mota ilipowashwa, fyuzi zilikatika. Chumvi aliweka za ampea kumi kwa kuwa kibao cha mota kilisema nane. Akaketi juu ya magunia kuwaza. Unga ulielea mlangoni kama ukungu uliosahau kupaa, jua likapita ndani yake polepole, na kope zikamwelemea, akasinzia.

"Humo ndani kuna dada watatu, ndizo fezi zenyewe," alisimulia sasa, "wanafukuzana duara, hawashikani wala hawaachani. Wakiamka wana kiu, shemeji! Kila mmoja anakunywa mara sita ya kawaida yake, ndipo anatulia. Fyuzi zangu zilikuwa mabawabu wenye hasira, wakiona kiu tu wanafunga lango. Dada wakaniambia niweke wa ampea ishirini, wavumilivu, wasioshtuka upesi. Hao ni wa shoti tu, nyaya zikigusana. Mzigo ukizidi, au dada mmoja akitoweka wawili wakabaki wanahema, hiyo ni kazi ya mlinzi mwingine, rilei. Huyo husikia joto, akakata umeme. Mpe nambari ya kibao, nane."

Na kweli, fyuzi mpya zilitulia. Mvumo wa mota ulijaa chumba kama usingizi wa mtu mwingine, hata Chumvi akahisi tena upepo laini wa wale dada shavuni.

Shemeji akagusa mota. Akarudisha mkono upesi.

"Mbona inachoma?"

"Inaota."

"Inaota, au inaungua?" Akazima swichi kuu, akafungua kisanduku cha rilei. "Dada zako walisema ngapi?"

"Nane."

"Soma hapa."

Chumvi alipapasa mfukoni kutafuta miwani iliyokuwa puani. "Kumi na... mbili."

"Nani kaisogeza nambari?"

"Labda yule dada mdogo..."

"Shemeji!" mwenye mashine akamkatiza.

"Rilei ilikuwa inakatakata umeme. Mtu hasinzii!"

Wateja waliokuwa foleni mlangoni wakaangua kicheko. Shemeji hakucheka. "Mlinzi anapiga kelele, wewe unamziba mdomo? Irudishe nane. Kisha ufungue kinu mwenyewe, uone alikuwa anatuambia nini."

Chumvi akapiga magoti. Chekeche lilikuwa limezibwa na pumba mbichi zilizogandamana, ngumu kama udongo wa kichuguu; ndio mzigo uliozidi. Akakwangua kwa kucha, akawa mweupe hadi kope.

"Babu," mteja mmoja akamchokoza, "humo nako kuna dada wangapi?"

"Hamna mtu," akajibu, akapiga chafya.

Wakawasha. Mota ikanguruma, ikatulia, mvumo wake mwepesi kuliko mwanzo. Baada ya magunia mawili, shemeji aliweka kiganja juu yake, akakiacha pale pale huku akimwita mteja aliyefuata.