Nati ya Nne

Kiti cha gari la mikate kilikuwa kimechoka kuliko gari lenyewe. Kila mara fundi wa viti alipokigusa, sponji ya zamani ilimeguka ikawa unga wa manjano, ukapaa kwenye miale iliyopenya matundu ya bati, ukakataa kushuka. Aliutazama hadi akasahau kilichomo mkononi mwake. Kilikuwa spana.

"We binti, umelala wima?" shangazi yake akauliza.

"Nimeamka, shangazi."

Gari lilikuwa la shangazi, na aliliendesha mwenyewe kwa miaka kumi na mitano. Wiki tatu hizi hakuwa amegusa usukani. Chuma cha kiti kilikuwa kimetoboa sponji kikamchoma kiuno, mpaka akawa anashuka kwa kutambaa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kurudi, na mwenye kiwanda cha mikate hakumung'unya maneno: saa sita mikate inatoka tanurini; isipokuta gari la shangazi mlangoni, itapanda la mwingine, leo na siku zote.

Saa nne ilikuwa imeshapita.

Fundi alitandika sponji mpya sakafuni. "Kaa kama unavyoendesha, nikupime."

Shangazi akakaa, akashika usukani wa hewa, akakanyaga klachi isiyokuwepo. Chaki ikaanza kumzunguka.

"Taratibu huko nyuma," shangazi akasema. "Usije ukaambiwa sponji haitoshi."

Fundi alicheka hadi mstari ukapinda. Alipoinua macho, shangazi alikuwa amelalia ubavu, mdomo wazi, anakoroma. Wiki tatu alikuwa akilala vipande vipande. Fundi hakuwa na moyo wa kumwamsha. Kwanza kiti kitoke garini.

Nati tatu zilitoka bila ubishi. Ya nne ilikuwa imeganda kwa kutu, nayo haikufikika ila kwa kulala uvunguni. Akajisukuma chini ya gari, akaidondoshea dizeli, akaigonga kidogo kwa nyundo, akangoja inywe. Uvunguni kulikuwa na ubaridi na harufu ya mikate ya miaka yote. Mbao zilizooza za sakafu ya gari zilimwinamia kama dari ya chumba alichowahi kuishi akakisahau. Huku chini, akawaza, mambo yamepinduka. Basi hata kulegeza kumegeuka. Akaivuta spana kuelekea kulia.

Haikutikisika. Akavuta tena, na tena, mpaka mikono ikafa ganzi na pembe za nati zikaanza kulika. Ikilika yote itabidi akate, na ile sakafu iliyooza itakatika nayo.

"Shangazi," akaita. "Imegoma."

Mkoromo ukakatika. "Unaizungushia wapi?"

"Kulia. Si niko chini yake?"

"Inakutazama, au haikutazami?"

"Inanitazama."

"Basi we umelala tu, mwanangu, nati haijalala. Kushoto, kama siku zote. Ulikuwa unaikaza."

Fundi alifumba macho kwa aibu. Akaishika spana kwa mikono miwili, akaelekeza kushoto, akaning'iniza uzito wake wote hapo. Kitambo kirefu hapakuwa na kitu. Kisha nati ikalia kwa sauti nyembamba, ndefu, na kutu ikamnyeshea usoni, laini, ya joto.

Kuanzia hapo mikono ilikwenda yenyewe: kukata, kugundisha, kuvalisha kitambaa alichoshona jana, kufunga. Saa sita kasorobo shangazi alipanda bila kushika kiuno. Akashuka kidogo ndani ya sponji, ikambeba.

Alitazama mbele kwa muda, kama aliyefika mahali papya. Kiti kipya kilikuwa kimemwinua vidole vinne, na kwenye kioo cha kuonea nyuma hakuona barabara, aliona sakafu ya gari. Akakishika kioo kwa ncha za vidole, akakiinua polepole hadi barabara ikaingia, akawasha gari.