Deki Ilipokula Mkanda

Watoto wa siku hizi wanasema muvi, na wanaiangalia kiganjani huku wanakula. Sisi tulisema picha, na picha ilikuwa na sheria zake. Lazima awepo steringi, na steringi hafi. Lazima wawepo maadui, na bosi wao awe na kitambi na suti nyeupe. Bastola tuliiita mguu wa kuku, polisi njagu, na mtu akifa tulisema amededi. Maneno hayo yaliletwa Bariadi na utingo wa malori, mwaka ule wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua pamba, nasi tuliyadaka kama tulivyodaka kumbikumbi.

Baba yangu, Yakobo, hakuyataka kabisa. "Humu ndani kuna baba," alisema, "hakuna dingi." Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeuleta ugonjwa. Aliuza ng'ombe wote wa kulimia, akanunua televisheni, deki na jenereta, akapanga ghala tupu la pamba, akaziba madirisha kwa mablanketi na kuanza kuonyesha video. Mama alikaa wiki nzima hamsemeshi. Plau ilibaki imeegemea ukuta, na wote nyumbani tulijua kwamba kile kisanduku kikiharibika hatuna cha kulimia wala cha kula.

Mimi, mtoto wa mwenye video, niliona kila picha bure. Lakini ukiniambia niisimulie, nilisema tu walipigana, halafu wakapigana tena. Msimuliaji alikuwa binamu yangu Nyamizi, na Nyamizi hakuwahi kuona picha hata moja. Mama yake, shangazi Felisita, alikuwa mwanakwaya asiye na mzaha. Alishasema akimkuta mwanawe mle ndani atamchuna ngozi. Kwa hiyo Nyamizi alikaa nyuma ya ghala, sikio kwenye bati, akisikiliza ngumi na vilio vya lugha asiyoijua. Kesho yake shuleni watoto walimzunguka, na mimi niliyeiona picha nilisimama nyuma yao nikinyoosha shingo. Iliniuma, lakini sikuondoka.

Siku moja ya mnada, mchana, ghala lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Wengi walikuwa wafugaji waliokuja kuuza ng'ombe. Mbele kabisa alikaa Mashimba wa Mwanhuzi, mzee mwenye mwili wa kujaza mlango, fimbo mapajani, ambaye hakuwa ameona video maishani mwake. Picha ikafika patamu. Steringi kafungwa kwenye kiti, kamwagiwa petroli, adui kashika kiberiti. Hapo sauti ikaanza kuvuta, ikawa nzito kama ya mlevi, na kioo kikajaa chenga. Deki ilikuwa imekula mkanda.

Baba akaifungua, akaanza kuutoa mkanda taratibu, umejisokota kama utumbo wa mbuzi. Watu walisubiri kidogo, kisha miluzi ikaanza. Kiatu kikarushwa. Mashimba akasimama.

"Huyu kijana amekufa au hajafa?"

"Subiri, mzee wangu, natengeneza," alisema baba.

"Siwezi kurudi Mwanhuzi bila kujua." Mashimba akasogea, akaishika televisheni pembeni. Wengine nao wakainuka nyuma yake, wakisukumana, na baba akaikumbatia televisheni kwa mikono yote miwili. Niliogopa sana.

Nikatoka mbio, nikazunguka nyuma, nikamshika Nyamizi mkono. Alisema tu, "Mama asijue," akaingia.

Alipanda juu ya gunia, kasichana kembamba kenye sare ya shule na miguu ya vumbi. "Hajafa," alisema. "Steringi hafi."

Watu wakamtazama kwa mshangao. Nyamizi hakuwapa nafasi.

"Adui akawasha njiti. Upepo ukaja, fuu, ikazima. Akawasha ya pili. Steringi kule nyuma anaminya kamba, inamkata nyama, hasemi. Njiti ikazima. Bosi akasema, leteni mguu wa kuku."

"Wa nini, anataka kula?" aliuliza mtu.

"Bastola!" tulijibu watoto wote.

Basi akaendelea. Steringi aliruka na kiti chake mgongoni, dishu, adui wa kwanza akadedi, wa pili akapigwa mtama, wa tatu akala kona. Nyamizi akampa steringi kovu shavuni. Mtu mmoja akasema yule hana kovu, Mashimba akamwambia anyamaze. Alikuwa ameshaketi, na nadhani hakujua kwamba ameketi.

Kisha Nyamizi akashusha sauti. Steringi alirudi kwao. Alimkuta mama yake kwenye zizi, amezeeka, macho hayaoni vizuri. Akamsalimia kwa Kisukuma chetu, ambamo mama ni mayu.

"Akamwambia, mwadila, mayu. Mama akaitikia, mwadila, baba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Steringi hakulia alipomwagiwa petroli," alisema. "Hapo sasa alishindwa kujibu."

Niliingiwa na hofu ya ajabu, ile inayokupata kanisani ukiwa mdogo. Kioo kilikuwa cheusi, lakini mimi nilimwona yule mama. Niliona mkono wake juu ya mti wa zizi, na jinsi alivyoinamisha kichwa kutafuta sauti. Picha zote nilizowahi kuangalia sikuwahi kuona kitu namna hiyo, na aliyenionyesha alikuwa binamu yangu ninayelala naye kitanda kimoja akija kwetu.

Mara kioo kikawaka. Baba alikuwa amefaulu kuunga mkanda, na steringi mwenyewe akatokea anapiga kelele kwa lugha yake. Hakuna aliyegeuka. Mashimba alimtazama baba bila hasira yoyote, kama mtu anayeomba.

Baba akaitazama ile televisheni iliyokula ng'ombe wetu. Akanyoosha mkono, akaizima. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, kati ya watu.

"Mayu," alimwambia Nyamizi polepole, "yule mama alimtambua?"