Fahari ya Nyumba ya Scholastika

Scholastika wa Kirushya alikuwa na kitambaa kimoja cha kichwani cha kwendea kanisani. Kilikuwa cha kijivu, hakina ua wala pindo, na kila Jumamosi alikipiga pasi ya mkaa mpaka kikanyooka. Alitaka kila mtu aone kwamba yeye hana makuu. Mwenyekiti wa umoja wa akina mama lazima awe mfano, alisema, na mfano wenyewe akauvaa kichwani. Siku moja shoga yake Tecla, mwanamke asiyejua kuuzuia ulimi, alimwuliza, "Dada, unyenyekevu gani huo unaopigwa pasi?" Scholastika alimnunia wiki nzima.

Basi mwanamke huyo, kati ya wakwe wote waliotapakaa duniani, Mungu akampa Wema.

Wema alizaliwa Biharamulo mjini, si porini, mjini hasa, jirani na soko. Siku Danstan alipomleta nyumbani kama mke wake, msichana alishuka kwenye lori na kope za kubandika, wigi la mawimbi hadi mabegani, na kucha nyekundu ndefu za kupukuchulia mahindi. Wifi na mashangazi wakapiga vigelegele. Scholastika naye akapiga, maana desturi ni desturi, lakini moyoni alikuwa amekwisha kumaliza kesi na kutoa hukumu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tusimsingizie binti wa watu. Alimwamkia mama mkwe kila asubuhi huku amepiga goti, akateka maji, akafua, akapika. Ndizi zake za kwanza ziliungua, sawa, na nani hakuwahi kuunguza? Lakini Scholastika alikuwa ameshaamua. "Shikamoo mama." "Marahaba." Basi, mlango umefungwa. Ukimwuliza jambo anakujibu "mm." Ukimweleza jambo anakujibu "haya." Nyumba ya watu wawili, na maneno yaliyosemwa humo kwa siku hayakujaza kikombe. Zile kope zilimkera Scholastika utadhani zimebandikwa kwenye macho yake yeye.

Danstan, mwanawe wa mwisho, dereva wa lori la ndizi, alivumilia akachoka. Kabla ya kwenda safari nyingine alimwambia mama yake pale pale uani, "Mama, nikirudi nitamchukua mke wangu tukapange Biharamulo. Hapa hakuna amani." Scholastika akamjibu, "Nendeni." Alilisema kichwa kikiwa juu. Kisha akaingia jikoni, akainamia moto usio na moshi, akalia. Mumewe Pancras alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, mabinti wote wameolewa mbali. Danstan akiondoka, atabaki yeye na kuku. Aliogopa, jamani, aliogopa sana. Lakini kumwendea yule binti akasema "mwanangu, tuelewane" hakuweza. Angeanzia wapi?

Mambo yakawa hivyo mpaka ikakaribia Jumapili ya mavuno.

Tangazo lilitolewa na katekista Laurian. Laurian ana karama zote, ila r na l kwake ni maharage na mahindi ya chungu kimoja, hazitenganishiki. Kwetu hilo si neno. Sisi tumelelewa na Kihangaza, Kiswahili tulikikuta shuleni, na Laurian akisema "tusari," sote tunapiga magoti tunasali. Basi akasimama mbele, akakohoa, akatangaza:

"Jumapiri ijayo ni ya mavuno. Kira mama arete fahali ya nyumba yake mbere ya artare!"

Watu wakaitikia "amina," wakaenda kujiandaa. Mmoja alichagua mkungu mkubwa wa ndizi, mwingine mkeka aliousuka mwenyewe. Scholastika alichambua maharage yake mekundu, moja moja, hadi kikapu kikajaa maharage yasiyo na doa. Na akaandaa jambo jingine pia. Kabla ya misa, mwenyekiti hutoa mafundisho kwa akina mama, na mwaka ule hata wa kigango jirani cha Kibimba walialikwa. Somo alilichagua mwenyewe: urembo wa ndani na urembo wa nje. Alisema Roho ndiye aliyemwongoza. Mimi nasema ni zile kope.

Jumapili akaondoka alfajiri, kikapu kichwani, kitambaa kimenyooka. Kwa Wema aliacha neno moja tu mlangoni: "Utakuja."

Chini ya turubai, nje ya kanisa, akina mama walijaa. Scholastika alipoanza, alianza vizuri. Akasema Mungu haangalii kama binadamu anavyoangalia. Akasema uzuri wa mwanamke haununuliwi dukani wala haubandikwi kwa gundi. Hapo kwenye gundi wanawake wakaanza kugusana viwiko. Kila mtu alijua gundi ya nani.

"Mwanamke wa nje tu," Scholastika akapaza sauti, "siku ya kazi utamtafuta humwoni! Siku ya shida—"

"Ng'ombe!" mtu akapiga yowe kule nyuma. "Jamani, ng'ombe!"

Yesu na Maria! Turubai lilibaki tupu kwa kufumba na kufumbua. Wanawake wazito walioingia kwa kushikwa mkono walitoka kwa kuruka mabenchi. Kwenye njia ya malishoni alikuwa anakuja Bihogo, fahali mwekundu wa marehemu Pancras, pembe moja huku, nyingine kule. Huyu Bihogo si ng'ombe wa mchezo. Mwaka uliotangulia alimrusha jirani yao Frednand ndani ya mtaro wa migomba, na mpaka leo Frednand akipita karibu na zizi hutembea kiupande. Danstan peke yake ndiye aliyethubutu kumshika kamba.

Na mbele ya Bihogo, kamba mkononi, alikuwa Wema.

Alikuwa amevaa mabuti ya shamba ya marehemu baba mkwe. Gauni lake jeupe la kanisani lilikuwa na tope hadi kiunoni. Kucha tatu zilikuwa zimekatika. Kope moja ilikuwa mahali pake, nyingine imehamia shavuni. Wigi je? Wigi lilikuwa linaning'inia kwenye pembe ya kushoto ya Bihogo, na fahali mwenyewe alitembea polepole nyuma ya yule binti, mpole, utadhani anakwenda kupokea kipaimara.

Wema akasimama mbele ya mama mkwe wake, akapiga goti ndani ya mabuti.

"Shikamoo mama. Samahani nimechelewa. Kwenye mto alikataa kuvuka, ikabidi nitangulie mimi ndani ya maji. Lakini nimemleta."

"Umemleta wa nini?" Scholastika aliuliza. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

"Kwa ajili ya altare, mama. Si tulitangaziwa kila mama alete fahali?"

Macho yote yakamgeukia katekista. Laurian akapandwa na hasira ya haki kabisa.

"Nani arisema fahali?" akafoka. "Mimi sikusema fahali! Nirisema fahali!"

Loo! Wanawake wa Kirushya na wa Kibimba walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye majani. Tecla alishika nguzo ya turubai, machozi yanamtoka, anasema "nakufa, mwenzenu nakufa." Mambo ndiyo hayo. Sisi wote tulisikia kosa tukaelewa jambo, na Wema peke yake alisikia neno lilivyotamkwa. Kule Biharamulo alikulia ua mmoja na Bi Mwanaharusi, mama wa Kiislamu wa familia ya wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, na kwa Bi Mwanaharusi mtoto hakupewa andazi mpaka r yake ikae sawa. Fahari ni fahari, na fahali ni dume la ng'ombe. Binti wa watu alikuwa amefanya alivyoambiwa.

Alipoelewa, Wema alijifunika uso kwa viganja. Kicheko kikaanza kubadilika, kikawa na miba. "Mrembo wa mjini," mmoja akasema. Mwingine akauliza kama na ng'ombe naye anavaa wigi. Scholastika alikuwa amesimama katikati, na hapo ndipo palikuwa mahali pake. Angesema neno moja tu, somo lake lingekamilika lenyewe.

Lakini kulikuwa na swali lililomkaba, akaliuliza kwa sauti ndogo. "Hukushangaa? Kigango gani kinachohitaji mafahali wote hao?"

"Nilishangaa, mama," Wema akasema ndani ya viganja vyake. "Nikataka kukuuliza, lakini... Asubuhi nikaona umeondoka na maharage tu. Nikasema, mama ndiye mwenyekiti. Wenzake wote watafika na mafahali wao, yeye na kikapu, watamcheka. Nikasema sikubali mama yangu achekwe."

Tecla aliacha kucheka.

"Na Bihogo?" Scholastika akauliza. "Bihogo huua watu. Amekufuataje?"

"Tumezoeana. Huwa nazungumza naye."

"Unazungumza na ng'ombe?"

"Kila siku, mama." Wema alilisema bila kinyongo, alivyolisema ndivyo lilivyokuwa. "Pale nyumbani ndiye anayenisikiliza."

Ndugu yangu, maneno mengine hayana ukali wowote na bado yanakata. Scholastika alisikia hilo likimwingia kifuani likakaa. Aliona uani kwake, aliona asubuhi zote zile, "marahaba," "mm," "haya." Aliona binti wa miaka ishirini na kitu akitoka kwenda kutafuta maongezi zizini, wakati ndani mna mtu mzima mwenye masikio mawili na rozari. Aibu ikampanda, na si aibu ya ng'ombe tena.

Akafungua kitambaa chake cha kijivu kichwani. Mvi zake zikaonekana, zimesokotana hovyo, mbele ya watu wa vigango viwili. Akapiga magoti kwenye majani, akamshusha Wema viganja, akaanza kumfuta tope usoni kwa kile kitambaa. Alifuta paji, akafuta mashavu. Ile kope iliyopotea njia akaitoa taratibu kwa ncha za vidole, akamwekea mkononi.

"Shika, isije ikapotea," akasema. Kisha akawageukia wenzake. "Mafundisho yameisha. Nimewahubiria urembo wa ndani kutwa kucha, jamani, na ndani mwangu hamkuwa na hata kigoda cha kumkalisha mtoto wa mwenzangu. Nisameheni. Wema, nisamehe mwanangu."

Wema alilia. Scholastika alilia. Tecla, ambaye hakuwa na kosa lolote, alilia kuwapita wote wawili. Bihogo alikuwa anakula mkungu wa ndizi wa Joyness, mama wa Kibimba, fahari ya nyumba yake, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumzuia.

Misa ilipofika kwenye vipaji, zile zawadi za altare, akina mama walipanda kwa kucheza, mikeka na vikapu vichwani, ngoma inaunguruma, kigelegele juu ya kigelegele. Scholastika aliyaacha maharage kwenye benchi. Alipanda ameshika mkono wa Wema, mmoja hana kitambaa, mwingine hana wigi, mabuti yanaacha tope kwenye sakafu iliyodekiwa. Laurian, aliyekuwa anapanga vipaji mbele, akamnong'oneza kwa mashaka:

"Mama mwenyekiti, fahali yako iko wapi?"

"Huyu," Scholastika akasema, na akasema kwa sauti. Kanisa zima likalipuka kwa shangwe, hata padre akasahau ukurasa aliokuwa amefikia.

Jua likiwa limeanza kulegea walirudi nyumbani kwa njia ya malishoni, watu watatu ukimhesabu Bihogo. Scholastika alikuwa na lake moyoni, akalitembeza mwendo mrefu kabla ya kulitoa.

"Danstan akirudi, mtaondoka?"

"Mimi sijawahi kuomba kuondoka, mama," Wema akajibu. "Ni yeye alinionea huruma. Nikimwambia tunakaa, tutakaa."

Scholastika alisimama katikati ya njia, akashika kifua, akacheka kwa raha kama msichana. Akamnyang'anya mkwe wake kamba ya Bihogo, na Bihogo alipomtazama kwa jicho baya, akamrudishia Wema haraka. Wakacheka wote wawili. Wakaendelea kutembea bega kwa bega, na Scholastika, aliyekuwa na kazi ya kujifunza kuongea uzeeni, alitafuta pa kuanzia akapapata.

"Sasa hayo yote uliyokuwa unamwambia Bihogo," akasema, "uniambie na mimi."

Wema akainama, akauma mdomo. "Mengine yanakuhusu wewe, mama. Na si mazuri."

"Eh! Basi anza na hayo hayo."