Mshikio Nyuma ya Shingo

Katika karakana ile ya ushonaji, mkuu wa meza ya kukata aliitwa Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata wakati wa kula. Alikuwa mjane wa miaka sita, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo, na mshono ukipinda hata kidogo aliufumua wote akaanza upya. Watu wa namna hiyo wanachosha kufanya nao kazi. Basi, ndivyo alivyokuwa.

Asubuhi ile walisubiri sahihi moja tu. Jeshi lilitaka vizibao vya kinga kwa askari wa magari ya deraya, watu wanaokaa wamebanana ndani ya chuma na kutokea kwenye tundu la juu. Kila kizibao kilikuwa na mabamba ya kukinga kifua na mgongo, na mifuko ya risasi, redio na bandeji iliyopangwa isikwame tunduni. Vitu viwili alivibuni Bi Futi mwenyewe. Nyuma ya shingo aliweka mshikio wa kumvutia juu askari aliyeumia. Kwenye bega la kushoto, shubiri moja kutoka hapo, aliweka utepe wa kufungulia: ukiuvuta, kizibao chote kinaachia mara moja ili majeruhi atibiwe. Vyote viwili vilikuwa vya mkanda mweusi wa aina moja, upana mmoja, mshono mmoja. Vilipendeza machoni, na yeye alijivunia hilo kupita kiasi.

Sampuli zilikuwa arobaini. Zikipita, karakana ingepata kazi ya mwaka mzima; zikikataliwa, nusu ya mafundi wangemwaga unga. Kwa hiyo watu walishusha pumzi waliposikia kwamba mkaguzi ni sajenti, mdogo wa marehemu mume wa Bi Futi.

"Shemeji yako hawezi kutubania, au vipi?" meneja aliuliza.

"Yule? Namlisha kila Jumapili," Bi Futi akajibu. "Akinibania atakula kwake."

Sajenti alikuja na dereva wake, mtu wa kitambi. Katikati ya karakana seremala alikuwa amejenga sanduku la mbao la kimo cha mtu, na juu yake tundu lenye vipimo vilevile vya gari lenyewe.

"Shemeji, huyu mnamlisha nini?" Bi Futi alitania akimfunga dereva kizibao. "Futi yangu imeishia njiani."

"Tafuta kamba ya ng'ombe," sajenti akasema, na mafundi wakacheka.

Dereva aliingia sandukuni, akakaa, akajilegeza kama aliyezimia. Sajenti akapanda juu, akajifunga kitambaa machoni.

"Cha nini hicho?" meneja akashangaa.

"Moshi ukijaa humo huoni hata mkono wako."

Akapiga magoti, akazamisha mkono tunduni, akapapasa, akashika, akavuta kwa nguvu zote. Kizibao kikaachia kwa kishindo, kikatoka kitupu, vipande vikining'inia. Dereva alibaki chini akicheka mpaka kitambi kinatikisika, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Sajenti hakucheka. Alivua kitambaa, akakitazama kile kizibao mkononi mwake, akabaki amepiga magoti pale juu hadi vicheko vikaisha vyenyewe.

"Umeshika utepe badala ya mshikio," meneja akasema. "Si neno, askari watafundishwa. Tia sahihi tu."

"Sitii."

Bi Futi alisikia uso unamwaka. Akamfuata shemeji yake hadi nyuma ya majora ya vitambaa, mahali pasipo na masikio.

"Umeniumbua mbele za watu! Wewe ushike vibaya, sisi tumwage unga?"

"Sikushika vibaya. Vinafanana."

"Ndiyo, vinafanana! Kazi safi ndivyo ilivyo!"

Sajenti aliangalia sakafu. "Ile siku gari la kaka liliposhika moto," akasema. "Niliwaambia nilimkuta ameshafariki."

Bi Futi akageuka kumtazama.

"Alikuwa hai, shemeji. Alikuwa ananiangalia. Nilimshika shati begani nikavuta, likachanika, likaja lote mkononi. Nikainama tena, moto ukanirudisha."

Kwa miaka sita Bi Futi alikuwa amejifariji kwamba mumewe hakujua kilichompata. Sasa alinyang'anywa hata hilo, na kwa muda alimchukia mtu huyu kwa moyo wake wote. Kisha akaona shemeji yake bado anaangalia sakafu. Akajua ni kwa nini sajenti alikula mezani kwake miaka yote hiyo bila kumtazama usoni.

"Ungeniambia," akasema, machozi yakimtoka.

"Nilikuwa siwezi."

Bi Futi akajifuta kwa kiganja, akarudi mezani, akachukua wembe. Meneja alipouliza, alijibiwa neno moja: "Nafumua." Utepe wa kufungulia akauhamishia chini ya kifua, safari hii wa kamba nyembamba yenye fundo gumu. Ndani ya mshikio akapitisha kipande cha mpira wa bomba, ujaze kiganja, kisha akaushonea mshono wa mraba wenye msalaba katikati, mara tatu. Haukupendeza hata kidogo.

Alasiri kizibao cha kwanza kilikuwa tayari. Dereva akasogea sandukuni.

"Wewe kaa," Bi Futi akamwambia. "Naingia mimi."

Alikivaa kikamfika mapajani, kizito. Akashuka, akakaa, akajilegeza. Humo mlinuka mbao mbichi. Juu yake sajenti alijifunga kitambaa, akapiga magoti. Mkono ukashuka, ukamgusa kichwani, ukapapasa begani, haukukuta kitu, ukarudi nyuma ya shingo. Ukashika.

Alinyanyuliwa kwa nguvu hata akagonga nyonga kwenye ukingo wa tundu, mara akajikuta amekaa juu, kizibao chote mwilini, mwanga wa madirisha machoni. Mafundi wakapiga makofi.

"Nimetoka, shemeji," akasema. "Niachie sasa."

Sajenti hakumwachia. Aling'ang'ania mshikio kwa mikono miwili, kitambaa bado machoni, kimelowa. Makofi yakakoma. Bi Futi akatulia palepale, akamwacha amshike.