Askari wa Ishirini wa Kowloon

Haya ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje moja, ulimi wangu na ukauke kama ng'onda.

Mwaka ule Waingereza wa Hong Kong walihesabu bunduki zao, wakakuta ni nyingi kuliko mabega. Ndipo wakatukumbuka sisi Wareno wenye asili ya Makau. Kwenye klabu yao ya kriketi hatukuruhusiwa hata kuokota mpira, lakini kuwafia, karibuni sana.

Aleixo Rozario, karani wa shirika la meli, alikuwa na haja moja tu: utepe wa koplo. Ofisini kila Mwingereza aliyeshuka bandarini jana alimwita "wewe". Alitaka walau siku ya gwaride aitwe kwa cheo.

"Umekaa muda gani katika koloni letu?" akauliza Kapteni Wetherby, aliyewasili Machi ya mwaka huo huo.

"Tangu babu wa babu yangu, afande."

"Basi wewe mgeni. Jaza fomu ya wageni. Nileteeni watu ishirini kufikia Jumamosi, mpate kikosi chenu na koplo wenu. Akipungua mmoja, nyote mtabeba machela za kikosi cha Waskoti."

Ijumaa Aleixo alikuwa na kumi na tisa. Akamwendea Reinaldo, baba wa ubatizo wa binti yake.

"Mzazi mwenzangu, shemeji bado hajakuruhusu?"

"Amesema kama nataka risasi, atanipiga mwenyewe. Na yeye hakosi."

"Basi tumwandike Mtakatifu Antonio."

Reinaldo hakucheka, maana si jambo la kuchekwa. Kule Makau, koloni la Wareno, Mtakatifu Antonio ameandikwa jeshini kuwa kapteni, na kila Juni mshahara wake hupelekwa kanisani, mbele ya sanamu yake. Kilichowatia haya ni kumshusha hadi askari wa kawaida. Aleixo akajaza fomu: Antonio wa Lisboni, mgeni, hajaoa, hanywi pombe.

Jumamosi Kapteni akaita majina.

"Antonio!"

"Yuko kanisani, afande," akajibu Aleixo.

"Leo Jumamosi?"

"Huyo hatoki, afande."

Kapteni akaguswa moyo. Wiki nane nzima akamsikia askari huyu asiyelewa, asiyenung'unika, asiyedai hata buti. Siku ya kutoa vyeo akamsifu mbele ya kikosi, kisha utepe wa koplo akaamuru apelekewe Antonio. Aliyetumwa ni Aleixo. Akaenda kanisani, akaubandika kwenye joho la sanamu ya mtakatifu, akapiga saluti, meno yakisagana kama jiwe la kusagia.

Hadithi hii nimeisimulia klabuni kwetu Kowloon miaka mingi, na huishia hapo. Juzi nilipofika kwenye saluti, meza ya nyuma mzee mmoja akabwaga karata zake. Aleixo mwenyewe! Nani alijua masikio yake bado mazima?

"Mzushi mkubwa wewe! Utepe nilipewa mimi. Antonio walimfuta orodhani wiki ya pili, kwa utoro."

Meza nzima ikanigeukia. Nikawanunulia wote chai na sambusa, faini ya chumvi yangu. Koplo Rozario akala sita, na mimi sikubakiziwa hata ya kuonja.