Mvua Kati ya Madishi Mawili

"Umeligusa dishi, we shetani?" dada mtu alifoka kwenye redio ya mkononi. Alikuwa amejifunga mkanda juu ya mnara wa hospitali kubwa, mvua ikimtwanga kisogoni.

"Nani kaligusa? Mwenye mikono ya kuwasha ni wewe!" mdogo wake alijibu kutoka mnara wa zahanati, ng'ambo ya bonde.

Kati yao, picha ya eksirei ya kifua cha mama yao, iliyotumwa dishi kwa dishi kutoka zahanati, ilikuwa imekwama nusu. Mama alilala kule zahanati, anahema kama pampu mbovu. Huku, daktari alisubiri picha nzima ndipo aseme dawa gani aanzishiwe.

Kila fundi wa minara anajua: mawimbi ya dishi ni mafupi mno, matone huyameza na kuyatawanya. Mvua ikinyesha, mikono mfukoni, subiri. Dada mtu ndiye aliyemfundisha mdogo wake hilo, kwa kofi la kisogo. Mawimbi ya redio ya mkononi, yale marefu, hayana habari na mvua. Basi picha ikakwama, matusi yakavuka bonde makavu.

"Mama kakaa kwangu, wewe unatuma salamu!" mdogo wake alisema.

"Kwako wapi? Umemlaza stoo na matairi!"

Hapo dada mtu akashika spana. Akalegeza bolti, akalisukuma dishi kama anayemgeuza mtu uso.

Mvua ikakatika. Jua likatoka bila aibu. Kipimo cha mawimbi kikasoma sifuri.

"Dada."

"Nini?"

"Umeligusa?"

Alitazama spana. "Nimelisukuma. Kidogo."

"Na mimi langu."

"Mpumbavu! Nilikufundisha nini?"

"Si ndicho ulichofanya?"

Tusi lilimfika kooni, akalimeza zima zima. "Lenga lako kwenye mnara wangu kwa macho, ukaze. Nazungusha langu, wewe soma namba."

"Inapanda... inapanda... Umepitiliza! Rudi kidogo. Kidogo, dada! Tangu utotoni hujui kidogo ni nini!"

"Nikishuka huku utaniona!"

"Hapo! Usipumue!"

Daktari alipiga kelele dirishani: picha inaingia. Dada mtu akakaza bolti, akaitupa spana chini majanini, akafumbata mikono kwapani. Mbavu za mama zilikuwa zikivuka bonde, moja moja. Nyuma ya mnara wa mdogo wake, wingu jingine lilikuwa linapanda.